Vyakula vya Dukani: Majina Yaliyosafiri na Desturi Zilizobaki Nyuma

Mji mdogo wa Malampaka, katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, uko kando ya njia ya reli itokayo Tabora, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Nchi iuzungukayo ni nchi ya Wasukuma, watu wa ng'ombe, wa pamba na wa nafaka. Mtu akiingia katika duka lo lote la mji huo ataona vitu vile vile avionavyo katika maduka mengine ya Tanzania: unga wa mahindi, mchele, udaga wa muhogo, karanga, choroko, dengu, dagaa wa ziwa Victoria, nyanya na vitunguu juu ya meza, mafuta ya kupikia, chumvi, sukari na majani ya chai. Vitu hivi tumevizoea mno, hata hatuulizi habari zake.

Walakini watoto wa shule huuliza. Huuliza mahindi yalitoka wapi, na kwa nini mama huvundika muhogo kabla ya kuusaga, na kwa nini nyanya huitwa mboga ikiwa ina mbegu kama tunda. Mara nyingi sisi walimu hujibu upesi: mahindi ni chakula cha wazee wetu, kuvundika ni mazoea tu, nyanya ni mboga kwa kuwa huliwa na ugali. Katika majibu haya liko lililo kweli na liko lisilo kweli, na lile lisilo kweli laweza kumdhuru mtu.

Basi katika maelezo haya twataka kuonyesha neno moja. Chakula kikisafiri kutoka nchi moja kwenda nyingine, hubeba jina, au hupewa jina njiani. Lakini desturi ya kukitayarisha, ambayo watu wa kwanza walijifunza kwa shida nyingi, mara nyingi hubaki nyuma. Jina likikosewa, hasara ni ndogo. Desturi ikikosewa, watu huugua, na wengine hufa.

MAHINDI, NAFAKA ISIYO YA WAHINDI

Jina "mahindi" lasema wazi kwamba nafaka hii ni ya Hindi. Wazee wetu wa pwani waliona vitu vingi vikishuka katika majahazi yatokayo mashariki, nao wakaipa nafaka mpya jina la upande ule. Kumbe haikuzaliwa huko. Ilizaliwa Mexico, katika bonde la mto Balsas, ambako yapata miaka 9,000 iliyopita watu walianza kuchagua mbegu za jani moja la mwituni, ambalo suke lake lina punje chache tu, ngumu kama mawe. Wareno na mabaharia wengine waliieneza duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Wala si sisi peke yetu tuliokosea. Waitaliani waliiita nafaka ya Waturuki. Waturuki wenyewe huiita "mısır", nalo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Wachewa wa Malawi huiita "chimanga", jina lifananalo na Manga letu, yaani nchi ya Waarabu, ambalo twalisikia katika pilipili manga. Kila taifa lilidhani kwamba mgeni huyu ni mtu wa nyumbani kwa jirani yake. Twajifunza hapa kwamba jina la chakula mara nyingi halitaji mahali kilipozaliwa. Lataja mkono uliokitoa, au mkono uliodhaniwa kukitoa.

Jambo la pili la ajabu ni hili: muhindi hauwezi kujipanda wenyewe. Punje zake zimefungwa katika maganda, na gunzi likianguka chini zima, miche huota kwa kusongana hata ikafa. Nafaka hii haiwezi kuishi bila mkono wa mwanadamu.

Lakini jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Watu wa Mexico hawakula mahindi kama yalivyo. Waliyachemsha kwa chokaa au kwa majivu, wakayaacha usiku kucha, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Wazungu walipoichukua nafaka waliona kazi hiyo kuwa upuzi, wakaiacha. Baadaye, katika karne ya 18, maskini wa Hispania na Italia, ambao walikula karibu mahindi matupu, walianza kuugua ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuhara na kupotewa na akili. Waitaliani waliuita "pelagra", maana yake ngozi kali. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliwashika watu wengi sana kusini mwa Marekani, mpaka daktari Joseph Goldberger, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1914, alipoonyesha kwamba hausababishwi na vijidudu bali na upungufu katika chakula.

Maana yake imejulikana. Katika mahindi mna vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa, na tumbo la mtu haliwezi kuifungua. Chokaa na majivu huifungua. Nafaka ilivuka bahari, bali desturi haikuvuka.

Msomaji atauliza: mbona sisi twala ugali kila siku, wala hatuugui? Jawabu liko katika kile kiliwacho pamoja na ugali. Karanga, maharage, kunde, dagaa, nyama na maziwa huleta kile ambacho mahindi hayatoi. Ushahidi wa jambo hili ulionekana mwaka 1990 katika makambi ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi. Walikuwa wakipewa mahindi na karanga. Karanga zilipokosekana kwa miezi kadhaa, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Kwa hiyo konzi ya karanga itiwayo katika mboga za majani si kitu cha kuongeza ladha tu. Ni ukuta wa nyumba.

MBOGA NI NINI?

Hapa yatupasa kusimama kidogo na kulitazama neno lenyewe. Vitabu vya shule hufundisha kwamba mboga ni majani na mimea. Walakini katika nyumba zetu, mama akiulizwa "Leo mboga ni nini?" aweza kujibu "Dagaa," au "Nyama," wala hakuna atakayemcheka. Mboga katika maana hii ni kila kiliwacho pamoja na ugali au wali. Ni neno la mezani, si neno la shambani.

Kwa hiyo nyanya ni mboga kwa mpishi, na ni tunda kwa mtu achunguzaye mimea, kwa kuwa hutokana na ua nayo huchukua mbegu. Hali kadhalika bamia, biringanya, tango na boga. Neno hili liliwahi kupelekwa hata mbele ya waamuzi. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba, kwa habari ya ushuru wa forodha, nyanya ihesabiwe kuwa mboga, maana watu huila pamoja na chakula kikuu wala si baada yake. Waamuzi wale waliifuata lugha ya jikoni, kama afanyavyo mama wa Malampaka.

Lugha yetu ina utajiri mwingine wa namna hii. Mzungu ana neno moja kwa mpunga, mchele na wali. Sisi tuna maneno matatu, kwa sababu mwenye jaruba, mwenye duka na mwenye chungu hawashiki kitu kimoja. Twamwomba mwalimu asiyapuuze maneno haya, kwa maana ndani yake mna mafundisho yote ya kazi.

Lakini jina lake "viazi" hutuchanganya. Kiazi kitamu, ambacho Wasukuma huita numbu, na kiazi mviringo si ndugu. Kiazi mviringo ni wa ukoo wa nyanya, biringanya, pilipili na tumbaku. Nacho si mzizi, bali ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na macho yake ni machipukizi. Kikikaa juani hugeuka kijani, na pamoja na rangi hiyo huzidi sumu. Kwa hiyo sehemu ya kijani ikatwe na kutupwa, na kilichogeuka sana kisiliwe. Kiazi kitamu ni mzizi kweli, na majani yake ni mboga njema, bali majani ya kiazi mviringo ni sumu. Mtoto akidanganywa na jina, akayapika yote mawili, ataona hasara.

Viazi vyote viwili asili yake ni bara la Amerika. Lakini katika nchi ya Wasukuma kiazi kitamu kilipata desturi njema: hukatwa vipande na kuanikwa kikiwa kibichi, ndiyo michembe, au huchemshwa kwanza, kikakatwa na kuanikwa, ndiyo matobolwa. Kwa njia hii zao lisilokaa hata mwezi huhifadhiwa mpaka kiangazi. Hapa mgeni alipokewa na watu wenye akili, wakamtungia desturi mpya. Ndiyo maana ya methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

WENYEJI WALIOSAHAULIWA

Tukiisha kuwataja wageni, na tuwataje wenyeji. Mtama, ambao Wasukuma huuita busiga, ni mzaliwa wa Afrika. Watu wa mashariki ya Sudan walikuwa wakiulima zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na kutoka Afrika ukavuka bahari hata India, ambako hulimwa mpaka leo. Uwele ulizaliwa pembeni mwa jangwa la Sahara. Ulezi ulizaliwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Kunde ni zetu, na njugu mawe ni zetu. Na kahawa asili yake ni misitu ya Ethiopia.

Ni ajabu basi kumsikia kijana akisema kwamba mtama ni chakula cha njaa na mahindi ni chakula cha heshima cha mababu. Mababu wa mababu zake walikula mtama. Na katika nchi kama Maswa, ambako mvua hukatika bila kuaga, mtama una tabia ambayo mahindi hayana: jua likizidi, hukunja majani yake na kungoja, mvua ikirudi, huendelea kukua. Muhindi ukikosa maji wakati wa kuchanua, mavuno yamekwisha.

Hata hivyo mwenyeji naye ana siri yake, na wachungaji wa ng'ombe waijua. Mtama mchanga, au mtama uliodumaa kwa jua kisha ukachipua baada ya mvua, una sumu katika majani yake iwezayo kumwua ng'ombe kwa muda mfupi. Punje zake hazina shaka, na mabua makavu yaliyovunwa vema huliwa na mifugo. Tutaikuta sumu hiyo hiyo tutakapofika kwenye muhogo.

Kuna na wageni wengine ambao majina yao hayawashitaki. Choroko na dengu hulimwa sana katika Simiyu na Shinyanga. Choroko asili yake ni India hasa. Lakini haikuitwa ya Kihindi, bali mahindi, yasiyo ya India, ndiyo yaliyopewa jina hilo! Na siku hizi choroko na dengu za nchi yetu hupakiwa na kupelekwa India kuuzwa, kama mtu arudiye kwao mzee, akiwa na watoto.

KARANGA, TUNDA LIJIZIKALO

Watu wengi wadhani karanga ni mizizi, kwa kuwa huchimbwa. Si hivyo. Karanga ni jamaa ya maharage. Ua lake huchanua juu ya ardhi, na likiisha kupevuka, kikonyo hutoka chini yake, kikarefuka, kikaingia udongoni, na huko gizani ganda huumbika na punje zake. Mmea huu huzika watoto wake mwenyewe. Njugu mawe ya Afrika hufanya vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo mgeni kutoka Amerika ya Kusini alipofika, watu wa pwani walimpa jina la mwenyeji aliyefanana naye, wakamwita njugu nyasa.

Kwa tabia hii karanga hutaka udongo mwororo. Waingereza walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Huko Kongwa udongo ulikuwa wa mfinyanzi. Kiangazi kilipokuja ulikauka ukawa kama saruji, na karanga zilizokuwa ndani hazikuweza kung'olewa. Matatizo mengine yalikuwa mengi, na mwaka 1951 mpango ulifungwa, serikali yao ikiwa imepoteza yapata pauni milioni 36. Mkulima mdogo mwenye jembe la mkono, achaguaye kipande chake cha kichanga, alikuwa na elimu ambayo matrekta hayakuwa nayo.

Lakini karanga na mahindi yana adui mmoja, naye ni kuvu. Yakivunwa mabichi au yakihifadhiwa penye unyevu, kuvu huota na kutoa sumu iitwayo kwa Kiswahili sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza, nao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Mwaka 2004, huko Kenya, katika nchi za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 walikufa. Mwaka 2016 msiba kama huo uliingia Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakafa.

Hapa twaona kwamba desturi si zote njema. Kuna desturi njema ya kupeta na kuchambua, ambayo mama huketi na ungo na kutoa punje zilizooza, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Kazi hii huondoa sehemu kubwa ya sumu. Bali kuna desturi mbaya ya kuzichukua punje zile zilizotupwa na kuzifanyia pombe, au kuwapa kuku. Kupika hakuiui sumukuvu, wala kuchachusha pombe hakuiondoi. Ng'ombe akilishwa, sumu hutokea hata katika maziwa yake. Punje zilizoota kuvu zizikwe au zichomwe, ijapokuwa moyo wauma.

MUHOGO NA SIKU ZAKE

Sasa twafika kwenye mgeni mkubwa, muhogo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, na ambao Wareno waliuleta Kongo katika karne ya 16. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, iliyo ndugu ya ile ya mtama mchanga. Wenyeji wa Brazil waliukuna, wakaukamua maji na kuukaanga. Watu wa Afrika walitafuta njia zao wenyewe. Kandokando ya ziwa Victoria, muhogo humenywa, huvundikwa kwa siku kadhaa mpaka ukalainika na kuota ukungu, hukwanguliwa, huanikwa na kutwangwa, ndio udaga. Mahali pengine huloweshwa majini.

Kwa nini siku hizo? Ndani ya muhogo sumu imefungwa katika vyumba vidogo, na kiitenganishacho kimefungwa katika vyumba vingine. Muhogo ukilainika, kuta za vyumba huvunjika, viwili hivi hukutana, na sumu hugeuka hewa ikaruka. Kukata na kuanika upesi hakutoshi, maana muhogo hukauka kabla kazi haijakwisha, na sumu hubaki ndani ya unga. Mama asiyejua kusoma, ahesabuye siku za kuvundika kwa vidole, anafanya kazi ya mwanakemia, na anaifanya vizuri.

Lakini njaa haijui kuhesabu. Katikati ya miaka ya 1980, wilaya ya Tarime katika mkoa wa Mara ilipatwa na ukame. Muhogo mchungu ulikuwa ndio chakula pekee kilichobaki, na watu wenye njaa walipunguza siku za kuutayarisha. Ndipo watu, hasa watoto na wanawake, walipoanza kuamka asubuhi miguu imekakamaa, wasiweze kutembea kama zamani. Ugonjwa huu huja ghafula, wala hauponi. Aliyepatwa hubaki kilema maisha yake yote. Huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliandika habari zake huko Kongo mwaka 1938. Mahali po pote ulipotokea, mambo yalikuwa mamoja: muhogo mchungu usiotayarishwa vema, na ukosefu wa nyama, samaki na kunde.

Kwa faida ya wasomaji wetu twaeleza njia nyepesi ya kuusaidia unga wa muhogo wenye mashaka. Unga uchanganywe na maji mpaka ulowe wote, kisha utandazwe juu ya ungo au jamvi safi, unene wake usizidi upana wa kidole kidogo, ukae juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu nyingi iliyobaki itaruka. Kisha upikwe ugali siku ile ile, usiwekwe tena. Njia hii haiondoi desturi ya kuvundika, huisaidia tu.

MAFUTA, CHUMVI, NA KIKOMBE CHA CHAI

Mtoto wa Malampaka aweza kuvaa shati na kula chakula kilichokaangwa, vyote viwili vikiwa vimetoka katika tumba moja la pamba. Nyuzi huenda kufumwa, na mbegu hukamuliwa mafuta. Walakini mbegu ya pamba ina sumu yake, iitwayo gosipoli, ambayo huulinda mmea na wadudu. Kiwandani mafuta husafishwa ili sumu hiyo iondoke. Huko China, katika karne ya 20, watu wa vijiji kadhaa walikula mafuta ya pamba yasiyosafishwa, na ikaonekana kwamba wanaume wengi hawapati watoto. Kwa sababu hiyo mafuta meusi yaliyokamuliwa bila kusafishwa yasinunuliwe kwa kupikia, hata yakiwa rahisi. Mashudu yake ni chakula kizuri cha ng'ombe mkubwa, kwa kuwa tumbo lake hupunguza nguvu ya sumu. Lakini kuku, nguruwe na ndama hudhurika yakizidi.

Zamani chumvi ilikuwa mali ya kusafiria. Wasukuma walikwenda ziwa Eyasi kuichukua, na chumvi ya Uvinza, ipatikanayo kwa kuchemsha maji ya chemchemi, ilifika mbali sana. Siku hizi hununuliwa kwa fedha kidogo, na imetiwa madini ya joto, ambayo ni iodini, ili kuzuia rovu la shingo na kudumaa kwa akili ya mtoto tumboni. Lakini madini hayo huruka kwa joto na kwa unyevu. Chumvi iachwayo wazi karibu na moto hupungukiwa na faida yake. Itiwe katika chombo chenye kifuniko, na iongezwe katika chungu karibu na mwisho wa kupika.

Neno "sukari" limesafiri kuliko yote. Asili yake ni Kisanskriti, maana yake changarawe, kwa sababu ya chembe zake. Waajemi na Waarabu wakalichukua, likafika kwetu, na kwa njia nyingine likafika Ulaya, hata Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani hutumia neno lile lile kwa matamshi mengine. Muwa wenyewe ulizaliwa katika kisiwa cha New Guinea.

Chai nayo ina majina mawili tu karibu duniani kote, na yote ni ya Kichina. Waliolipata kwa njia ya nchi kavu na misafara husema "cha" au "chai". Waliolipata kwa merikebu za Waholanzi husema "te". Sisi tu watu wa "chai" kwa kupitia Waajemi, Waarabu na Wahindi. Na tuongeze neno la afya: chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usiyapate vema madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Mwenye mimba na mtoto mwenye upungufu wa damu wanywe chai yao muda baada ya kula, wala si pamoja na chakula.

KAZI YA MWALIMU

Tumeona ya kuwa mahindi yalipoteza desturi yake baharini, na watu wakaugua. Muhogo ulipata desturi mpya Afrika, na watu wakapona. Ilipokatwa nusu, wakalemaa. Kiazi kitamu kilitungiwa desturi njema. Na juu ya kuvu, desturi iliyopo ina upande mwema na upande mbaya.

Basi kazi yetu ni mbili, wala moja isiifukuze nyingine. Kwanza, kuandika. Mwalimu awatume wanafunzi wake kwa bibi zao, wamwulize kila mmoja jinsi avundikavyo muhogo, siku ngapi wakati wa baridi na siku ngapi wakati wa joto, ajuaje kwamba umekuwa tayari. Jinsi afanyavyo michembe, matobolwa na nsansa, yaani majani makavu ya kunde. Na majina yote ya Kisukuma ya kazi hizo. Kila hatua iandikwe, hata ile ionekanayo kuwa bure, kwa maana chokaa ya Mexico ilionekana kuwa bure. Mashine ya kusaga ikiingia kijijini na muhogo wa dukani ukiwa umekwisha kuwa unga, bibi hataulizwa tena, na hesabu ya siku itazikwa pamoja naye.

Pili, kupima. Desturi isikubaliwe kwa kuwa ni ya kale tu, wala isikataliwe kwa kuwa ni ya kale tu. Iulizwe inafanya kazi gani. Ile ya kuchambua punje ishikwe; ile ya kupikia pombe punje zilizooza iachwe; na juu ya mambo ambayo wazee hawakupata nafasi ya kuyajua, kama iodini ya chumvi na gosipoli ya pamba, mwalimu awe ndiye mtungaji wa desturi mpya.

Mwenye duka hupima uzito na kupokea fedha. Hawezi kumweleza mnunuzi kila kitu kilichomo katika mfuko. Nyumba yenye mtoto aliyefundishwa vema yaweza kuyajua hayo. Mwaka wa ukame ukirudi, nao hurudi, mtoto huyo atakuwa na sababu ya kumwambia mama yake, muhogo ungali kikapuni na njaa ingali mlangoni: "Bado siku moja, mama."